Kamutoto walimukamata

Hapa Dranya Kiswahili kiliingia kwa njia nyingi, na kila njia ilikuja na vitenzi vyake. Wazee wengine wa hapa walikipata jeshini. Wanakumbuka mwaka 1973, Amin alipotangaza kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa. Wengine walikipata kwetu Kongo, walipokimbia baada ya 1979, wakakaa miaka upande wa Aru, Ariwara na Aba kama sisi tunavyokaa kwao leo. Wafanyakazi wa mashirika wanakuja na kile cha Kenya au cha Tanzania, cha vitabu na redio. Na sisi tuliovuka kutoka Ituri na Haut-Uélé tumekuja na chetu, ambacho kimeishi nyumba moja na Lingala na Bangala. Sokoni tunaelewana vizuri. Tunanunua nyanya, tunagombana, tunapatana. Tatizo linaanza pale neno linapoandikwa kwenye fomu, na mtu aliyelisema hayupo tena kuulizwa.

Nataka kuandika juu ya kitenzi kimoja tu: kukamata.

Ukisema Nairobi kwamba mtu fulani amekamatwa, watu watauliza yuko kituo gani cha polisi. Kwetu mama anaweza kumwambia mgeni, "Kamata kiti," na mgeni anakaa. "Kamata chai." "Kamata franga yako." Lingala pia wanasema kamata, na maana yake ya kila siku ni kuchukua. Polisi nao wanakamata, ndiyo, hata kwetu. Homa inakamata. Mtego unakamata panya. Lakini mikono ya kawaida, mikono isiyo na bunduki, nayo inakamata siku nzima.

Sasa ndugu msomaji, soma mistari hii. Imetoka kwenye daftari la shule la mama mmoja wa Faradje, na mtoto wake amenipa ruhusa kuiandika hapa:

"Noeli ya 2008 Tongotongo waliingia Faradje. Walibeba vijana ya jirani. Tukatoka usiku na watoto wawili. Mukubwa homa ilimukamata, nikamubeba ku mugongo. Mbele ya Aba kamutoto walimukamata. Sisi tukaendelea mpaka Lasu."

Tongotongo ni jina ambalo watu wa Haut-Uélé waliwapa waasi wa LRA. Faradje walishambulia tarehe 25 Desemba 2008, wakaua watu wengi, wakaondoka na watoto. Hilo linajulikana. Lasu ni kambi iliyokuwa upande wa Yei, Sudan Kusini, ambako Wakongo wengi walipokelewa wakati ule. Vita vilipofika Yei mwaka 2016 mama huyu alikimbia tena, safari hii kuja Uganda. Hapa alikaa miaka mitatu, akafariki. Aliacha kijana mmoja, nguo, sufuria na madaftari manne.

Katika ofisi moja, sitaitaja, mtu alitafsiri mistari hii kwa Kiingereza ili kufungua faili ya kutafuta mtoto aliyepotea. Kwenye faili iliandikwa kwamba mtoto wa kike wa miaka mitatu alitekwa na waasi karibu na Aba. Kutoka siku hiyo alitafutwa mahali watoto waliotekwa wanapotafutwa: kwenye majina ya waliorudi kutoka msituni, kwenye vituo vya kuwapokea. Miaka ikapita. Hakuna jina lililofanana.

Kijana alikuja kwangu kutoka Lobule kwa boda, na madaftari kwenye mfuko wa plastiki. Mimi ni mwalimu. Nimepanga chumba hapa Dranya, nafundisha watoto jioni, na watu wananiletea karatasi zao niwasomee. Hakuja kwa ajili ya kitenzi. Alikuja kwa sababu mwandiko wa mama yake katika daftari la pili ulikuwa umefifia na alitaka mtu amwandikie upya kabla haujapotea kabisa. Alisema, "Mwalimu, nisaidie tu isipotee." Nikaanza kunakili. Nilipofika ukurasa wa kumi hivi nilianza kuona kamata inarudi, na kila inaporudi haina polisi wala waasi.

Hapo nikawakumbuka Wahiti.

Najua inachekesha. Lakini msomaji wa Biblia anamkumbuka Uria Mhiti. Wahiti walikuwa na ufalme mkubwa katika nchi ambayo leo ni Uturuki. Mji wao mkuu, Hattusa, uliharibiwa karibu miaka 1200 kabla ya Kristo, na lugha yao ikafa. Mwaka 1906 Hugo Winckler na Theodor Makridi walianza kuchimba pale wakatoa vibao vya udongo kwa maelfu. Mwandiko ulisomeka, kwa sababu ulikuwa ule wa Babeli. Sauti zilijulikana, maana hapana. Ni kama sisi tulivyoimba misa ya Kilatini tukiwa wadogo: kinywa kinatamka kila neno, kichwa hakina kitu. Mimi nilisoma Kilatini miaka minne katika seminari ndogo, na baadaye mfanyakazi mmoja wa shirika aliponiachia kitabu cha historia ya lugha, sura ya Wahiti ndiyo niliyoisoma mara nyingi kuliko zote. Nyingine nimezisoma kwenye simu, usiku, bando linapokuwa rahisi.

Mwaka 1915 Mcheki mmoja, Bedřich Hrozný, alipata mlango wa kuingilia. Waandishi wa Wahiti walikuwa na tabia kama yetu: katikati ya lugha yao walitia maneno ya lugha nyingine, ya Kisumeri na Kiakadi, kama sisi tunavyotia "fomu", "tokeni" na "bloki". Alama ya Kisumeri ya mkate ilikuwa inajulikana tayari. Hrozný akaona sentensi ndogo yenye mkate, na baada ya mkate neno la mzizi ezza-. Kisha watar. Kisha eku-. Mkate unafanywa nini? Unaliwa. Na kama watar ni maji, kama Waingereza wanavyosema water, basi maji yananywewa. Ezza- ni kula, kama Wajerumani wanavyosema essen. Eku- ni kunywa. Kwa mkate na maji akafungua njia ya kuonyesha kwamba Kihiti ni ndugu wa Kilatini, Kigiriki na Kijerumani.

Hadithi hiyo inapendwa sana kwa sababu ni tamu. Lakini inafundisha nusu tu. Inakufanya ufikiri kwamba neno likifanana na la kwenu, umeshalijua. Nusu ya pili iko kwenye kitenzi kingine cha Kihiti, dā-. Mtu aliyesoma Kilatini akikiona anafurahi, kwa sababu dare kwa Kilatini ni kutoa, kumpa mtu kitu. Mzizi ni mmoja, damu ni moja. Lakini kwa Wahiti dā- ni kuchukua. Kutoa walisema pai-. Na walikuwa na kingine tena, ēpp-, cha kushika na kukamata. Ndugu wawili wa tumbo moja, mmoja anatoa na mwenzake anachukua.

Wataalamu walijuaje? Si kwa kufanana, kwa sababu kufanana kulikuwa kunawavuta upande mwingine. Walijua kwa kukusanya kila mahali kitenzi hicho kilipoandikwa na kuuliza maswali ya kawaida kabisa. Nani anafanya? Anafanyia kitu gani? Baada ya tendo, kitu hicho kiko mkononi mwa nani? Sentensi inayofuata inasema nini? Ukitia "kutoa", hadithi inavunjika. Ukitia "kuchukua", inasimama, mara ya kwanza, mara ya kumi, mara ya hamsini. Kazi hiyo ni ya subira. Chuo Kikuu cha Chicago kilianza kamusi yake ya Kihiti mwaka 1975, sehemu ya kwanza ikatoka 1980, na walianza na herufi L kwa sababu Wajerumani walikuwa tayari wameanza na A. Herufi tatu tu, L, M na N, ziliwachukua mpaka 1989. Kila neno linakuja na sentensi zake, ili wewe msomaji uone mwenyewe ushahidi, usimwamini mtu kwa cheo chake.

Wakati mwingine bahati inasaidia. Mwaka 1946 huko Karatepe, kusini mwa Uturuki, Helmuth Bossert na Halet Çambel walifika kwenye mawe yenye maandishi marefu ya lugha mbili, Kifinike na Kiluwi, na Kiluwi ni ndugu wa karibu wa Kihiti. Vitenzi vingi vya Kiluwi vilivyokuwa gizani vikaonekana kwa sababu Kifinike kilikuwa kinajulikana. Mwaka 1973 Wafaransa wakapata jiwe la lugha tatu pale Letoon. Ni kama yale mabango ya kambini: ukishindwa kusoma mstari mmoja, unatazama ule wa chini yake.

Sisi hatukuwa na bango. Tulikuwa na madaftari manne na mwandishi ambaye hatuwezi tena kumwita na kumuuliza. Kwa hiyo tulifanya kama wale watu wa vibao. Nikamwambia kijana, "Tusianze na mstari wa Aba. Tuuache kabisa. Tuhesabu mingine yote kwanza."

Ilituchukua jioni nyingi. Alisoma, mimi niliandika. Katika madaftari yote kamata ilionekana mara 31 ukitoa ule mstari. Nikazipanga.

Mara 14 ni vitu vya mgao: alikamata unga, alikamata sabuni, alikamata mafuta lita moja. Maana yake ni alipokea. Mara sita ni dawa: "nimekamata dawa asubuhi." Mara tatu ni njia: "tukakamata njia ya Yei," yaani tukaanza safari. Mara tano mtendaji ni ugonjwa: homa ilimukamata, kikohozi kilimukamata. Hapo kweli kuna kushikwa, lakini anayeshika ni ugonjwa, si mtu.

Zikabaki tatu, na hizi tatu ndizo zilizofanya tusimame. Ndizo pekee ambamo mtu anakamata mtu. Ya kwanza, daftari la pili: "Jirani ameenda hospitali, nimekamata watoto yake siku nne." Ya pili, daftari hilohilo: "Padri alikamata yatima mbili ya Dungu." Ya tatu, daftari la nne, hapa Uganda: "Mama ya hapa alitukamata muzuri, akatupa nafasi ya kupika." Katika zote tatu anayekamatwa anapata pa kulala.

Basi, lakini labda alikuwa na maana zote mbili, kama watu wengi. Swali hilo nililiuliza pia. Wataalamu wa lugha zilizokufa wanauliza: kama mwandishi alitaka kusema jambo lile lingine, je, alikuwa na neno lingine kwa ajili yake? Tukatafuta. Kwa askari wanaomtia mtu ndani, mama huyu anaandika kufunga, mara nne, bila kubadilisha: "askari walimufunga ndugu ya baba." Kwa kuporwa anaandika kunyanganya. Kwa Tongotongo anaandika kubeba, mara saba katika madaftari yote: walibeba vijana, walibeba musichana ya fulani, walibeba mbuzi na watu pamoja. Hakuna hata sehemu moja ambapo Tongotongo wanakamata. Na tazama, kubeba hukohuko anakutumia kwa mtoto aliye mgongoni mwake. Tongotongo wakibeba ni msiba, mama akibeba ni kuokoa. Kitenzi ni kimoja, ila majirani zake kwenye sentensi ndio wanaokueleza.

Kuna na ile "wali-". Mtafsiri aliona Tongotongo juu, akaona "walimukamata" chini, akaunganisha. Mtu wa Kiswahili cha vitabu ataunganisha hivyo, kwa sababu yeye ana "alikamatwa" ya kutumia pale asipotaka kumtaja mtendaji. Lakini kwetu, na kwa Lingala hivyohivyo, mara nyingi tunasema "wali-" au "bali-" bila kumaanisha kundi lolote. "Walimupeleka hospitali": nani? Watu. Aliyekuwapo. Anaweza kuwa hata mtu mmoja. Mama huyu anaandika "walinipa jina ya Lasu" akimaanisha tu kwamba aliandikishwa. Kwa hiyo hatuna waasi kwenye mstari wa Aba. Tuna mtoto mdogo, na mtu fulani aliyemchukua.

Kijana alinyamaza muda mrefu. Halafu akasema jambo ambalo sikulitegemea. "Mwalimu, na kama alificha? Kama aliandika kamata kwa sababu hakutaka kuandika ile nyingine?"

Ni swali zuri, na si la kijana tu. Wafanyakazi wa mashirika mnalijua: watu wanafunika. Neno laini linawekwa juu ya jambo gumu. Lakini nalo linaweza kupimwa. Tukarudi kutazama mambo magumu mengine anavyoyaandika. Kifo cha kaka yake anakiandika wazi, na namna alivyouawa. Mambo yaliyompata jirani yake njiani anayaandika wazi, mpaka nikatamani asingeyaandika. Mama huyu hakuwa mtu wa kufunika. Kwa nini afunike hapo tu?

Kisha yeye mwenyewe akapata ushahidi mkubwa kuliko wangu. Mwisho wa kila daftari kuna kurasa za madeni: nani anamdai, kiasi gani, ameshalipa au bado. Ofisini hakuna aliyezisoma, na siwalaumu, nani anasoma madeni ya sabuni? Kijana alizisoma usiku kwao Lobule, akarudi asubuhi kabla sijanawa uso. Katika kurasa za madeni, mwezi wa Desemba wa miaka minne tofauti, kuna mstari mmoja unaorudi. Mara mbili umeandikwa, "Deni ya mama wa Aba: bado." Mara mbili nyingine, "Deni ya mama wa chumvi, Aba: bado." Hakuna kiasi. Madeni mengine yote yana kiasi.

Mtu haandiki deni kwa watu waliomteka mtoto wake.

Tukasoma tena mistari ile sita kwa utaratibu. Homa ilimkamata mkubwa, akambeba mgongoni. Mbele ya Aba, mdogo walimkamata. Mama mmoja, mgongo mmoja, watoto wawili, na njia ndefu mpaka mpakani. Kijana akasema polepole, "Kumbe ni mimi nilikuwa mgongoni." Nilimwambia daftari halisemi hivyo. Halisemi amemwacha mdogo kwa sababu ya mkubwa. Linasema mtu mwema alimpokea mmoja, na linasema deni halijalipwa. Maneno ya mama yake tumeyapima moja moja siku nyingi, na katika hayo hakuna neno hata moja la kumlaumu. Sijui kama alinisikia. Aliomba kalamu, akaandika mistari ile kwa mkono wake kwenye karatasi, akaikunja.

Swali likabadilika. Zamani lilikuwa: je, mtoto huyu yuko kati ya waliorudi kutoka msituni? Sasa lilikuwa: nani alipokea watoto wa njia, Aba, mwisho wa 2008? Swali la pili haliulizwi kwenye orodha za watekwa. Linaulizwa kanisani na sokoni. Tuliandika barua kwa mkatekista wa kule, ikapelekwa na mfanyabiashara kupitia Ariwara. Makusudi hatukuandika neno chumvi. Ukimpa shahidi jibu ndani ya swali, atakurudishia jibu lako mwenyewe, na wewe utafikiri umepata ushahidi.

Jibu lilikuja baada ya miezi mitatu. Lilikuwa fupi: "Ndiyo, mama mumoja muuza chumvi alikamata watoto ya njia ile Noeli, watatu. Wawili ndugu zao walirudi kuwatafuta. Na mumoja, musichana, mama alienda naye Watsa."

Alikamata watoto. Kitenzi kilekile, kutoka kwa mkono mwingine, mtu ambaye hajaona daftari. Kwa watu wa vibao hiyo ndiyo siku ya kupata jiwe la lugha mbili.

Sitasema msichana huyo ni dada yake. Watoto wengi walipita njia ile. Kijana amepeleka habari hii mpya kwa watu wa Msalaba Mwekundu wanaotafuta jamaa waliopotezana, pamoja na nakala ya kurasa zote, mistari sita na madeni manne, na sasa swali linaelekezwa Watsa. Anangoja. Akija Dranya siku hizi hatuzungumzi sana juu ya jambo hilo. Ananisaidia kusahihisha madaftari ya watoto.

Ninachotaka kuwaambia ninyi mnaojaza fomu zetu ni kitu kidogo, na hakihitaji bajeti. Kuna nchi ya Likia, ile ambayo Paulo alipita bandari yake ya Mira katika Matendo ya Mitume. Maandishi ya Likia yaliyobaki kwenye mawe ni zaidi ya 150, na mengi ni ya makaburi. Kwa hiyo wataalamu wanajua vizuri sana jinsi mtu wa Likia alivyosema "alijenga kaburi hili kwa mke wake na watoto wake". Lakini nguzo kubwa ya Xanthos, yenye maandishi marefu kuliko yote, ambayo haisemi habari za kaburi tu, mpaka leo ina vitenzi vingi visivyoeleweka. Watu waliopika, waliocheza, waliokopeshana, wamebakiwa na vitenzi vya makaburini.

Mimi nikitazama mafaili yetu naona Likia. Mtu akiyachimba baada ya miaka 3,000 atatujua kwa vitenzi kumi: alikimbia, alipigwa, alitekwa, alipoteza, alipokea mgao. Hatajua kwamba tulikuwa pia watu wa kukamata, kwa maana ya kwetu. Hatajua kwamba katikati ya usiku wa Noeli ile kulikuwa na mama wa chumvi aliyefungua mlango.

Kwa hiyo ukimsikiliza mtu, na ukafika kwenye kitenzi kinachobeba jambo zima, kiandike kama alivyokisema, kwa lugha yake, pembeni ya tafsiri yako. Neno moja, herufi kama alivyotamka. Usisahihishe "walimukamata" kuwa "alikamatwa". Kama ana daftari, piga picha kurasa zote, na za madeni pia. Na kama mtu yuko hai mbele yako, una bahati ambayo Hrozný hakuwa nayo: muulize, "Ulipolala usiku ule, mtoto alikuwa mikononi mwa nani?"

Ninyi majirani wa Lobule, wa Koboko na wa Dranya, leteni vitenzi vyenu. Nimeanza orodha. Tayari ninayo kutosha, ambayo kwa wengine ni kuwa na kiasi kamili na kwetu ni kuondoa kitu mahali pake. Fikirini mwenyewe fomu iliyoandikwa "walitosha chakula". Nataka kila kitenzi kije na sentensi zake tatu, na jina la mahali mliposikia ikisemwa hivyo. Jioni, baada ya masomo ya watoto, niko nyumbani.